Kona ya Fundi: Inajizima jioni, na Windows imeshapigwa mara mbili

*Habari za kazi, mafundi wetu. Nina kompyuta ya mezani nyumbani. Wanangu wanaitumia kwa masomo na mimi kwa hesabu za duka. Tangu mwezi uliopita inajizima ghafla kama mtu kachomoa waya, bila ujumbe wowote. Asubuhi inakaa hata saa mbili, ila jioni dakika ishirini haimalizi, hasa watoto wakifungua video. Nikiiwasha hapohapo inazima tena upesi. Nikiiacha ipumzike inawaka vizuri. Fundi wa kwanza alipiga Windows. Wa pili akapiga tena na kubadilisha RAM. Sasa naambiwa mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?*
Mama wa duka, Nyegezi, Mwanza

Usinunue, mama. Bado hakuna aliyepima kitu chochote kwenye hiyo kompyuta, na mazabodi ndiyo ya mwisho kushukiwa, siyo ya kwanza.

Kupiga Windows, yaani kuiweka upya, kunatibu ugonjwa wa Windows, na Windows ikiugua huwa inasema: kioo kinageuka buluu chenye maandishi, programu zinajifunga, au mashine inaganda huku taa na feni vinaendelea. Kuzima kama waya umechomolewa, kimya, ni tabia ya joto au ya umeme. Nawe umetupa dalili kubwa kuliko zote: ikipumzika inapona. RAM mbovu haiponi kwa kupumzika dakika kumi. Prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) iliyochemka inapona. Pawa saplai (kasha linaloigawia mashine umeme) iliyochoka nayo inaweza kufanya hivyo ikipata moto, kwa hiyo tutaipima pia, lakini tunaanza na prosesa kwa sababu kuikagua hakuna gharama.

Anza na kumbukumbu za mashine yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `eventvwr.msc`, bonyeza Enter. Upande wa kushoto fungua Windows Logs, kisha System. Tafuta mstari mwekundu wenye jina Kernel-Power na namba 41, wa saa ileile ilipojizima au ilipowashwa tena. Namba 41 haikuambii chanzo, inasema tu kwamba mara iliyopita mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Chanzo kinaanza kuonekana ukifungua kipengele cha Details na kusoma BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, na hapo turudi kwenye joto na umeme. Ikiwa ni namba nyingine, kulikuwa na kioo cha buluu ambacho hukukiona, na njia inakuwa tofauti: dereva (programu inayoendesha kifaa), RAM, au diski.

Halafu joto. Subiri ijizime yenyewe, iwashe papo hapo huku unagonga F2 au Delete (HP nyingi ni F10) ili uingie BIOS, yaani kurasa za mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Tafuta palipoandikwa CPU Temperature, yaani joto la prosesa. Mashine nyingi za mtumba zilizotoka maofisini, hasa za Dell na HP, hazionyeshi joto mle. Hapo tumia programu ya bure ya HWMonitor ukiwa ndani ya Windows, iache wazi, fungua video, kodoa macho kwenye namba. Kwa chumba cha Mwanza, prosesa iliyotulia ikiwa kati ya nyuzi 40 na 55 hatuna ugomvi nayo. Ikicheza video na kufika 60 hadi 80, sawa. Ikipanda kupita 90 na kuendelea kupanda, umempata mwizi: prosesa nyingi za Intel zina kikomo karibu na nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinajipunguza kasi, na joto likizidi mashine inakata umeme yenyewe ili isiungue. Ndiyo kujizima unakokuona.

Kwa nini jioni? Chumba chenye paa la bati kimebeba jua la mchana kutwa, watoto wanafungua video ambayo ni kazi nzito kuliko hesabu za duka, na feni inavuta hewa iliyokwisha pata moto. Lakini kwa nyumba zilizo karibu na ziwa kuna jambo la ziada, ambalo fundi aliyezoea vumbi tupu anaweza kulipita bila kuliona. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi, hasa siku chache baada ya mwezi kuandama, wanafuata taa. Kompyuta ikiwa inawaka chini ya taa dirisha likiwa wazi, feni inawavuta ndani. Wanakauka kwenye mapezi ya bamba la kupozea, vumbi linawanasia, unyevu wa ziwa unavishika pamoja, na baada ya miezi kadhaa unapata tabaka zito la kijivu linalofanana na kipande cha blanketi. Ukitazama feni kwa juu unaona safi kabisa. Tabaka liko chini yake, kati ya feni na bamba, na halionekani mpaka feni itolewe. Ndiyo sababu mtu anapuliza vumbi, anaapa kwamba ameshasafisha, na mashine inaendelea kuzima.

Kwa hiyo ifunguliwe hivi. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Ipeleke nje barazani. Fungua ubavu wa CPU, yaani kasha zima la kompyuta (bisibisi ya nyota inatosha), gusa chuma cha kasha kwanza ili mwili wako umwage umeme tuli, halafu fungua feni ya prosesa. Unapopuliza kwa blowa, zuia feni isizunguke kwa kidole au kalamu: ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaharibu beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. Tabaka lenyewe litoe kwa brashi kavu ya rangi, halafu puliza. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na tunakusihi usiipeleke kwa mziba pancha akupulizie kwa kompresa: hewa ile ina maji na mafuta ndani yake, na nguvu yake inang'oa vipande vidogo.

Hapa sasa ndipo wengi wanapotengeneza tatizo jipya. Bamba la kupozea la Intel lililokuja na prosesa limeshikwa na pini nne za plastiki nyeupe au nyeusi. Kulitoa, kila pini inazungushwa robo mzunguko kufuata mshale uliochorwa juu yake, kisha inavutwa juu. Kulirudisha, pini zirudishwe mahali pake pa mwanzo, halafu uzikandamize kwa mshazari, mbili zinazotazamana kwanza, mpaka kila moja ilie "tak". Pini moja ikikosa kulia, bamba linainama upande mmoja kwa upana wa unywele, na mashine iliyokuwa inazima baada ya dakika ishirini itazima baada ya mbili. Geuza mazabodi ikibidi, au chungulia kwa tochi ya simu: nyuma ya kila tundu uone miguu ya pini imetokeza na kupanuka. Pini za mashine zilizokaa miaka mingi kwenye joto zinavunjika zikiguswa. Zikivunjika, bamba jipya linaloendana na soketi ya prosesa yako ni nafuu mara nyingi kuliko mazabodi. Dell na HP za ofisini zenyewe zina skrubu nne. Kazeni kidogo kidogo kwa mshazari vilevile, mpaka zifike mwisho.

Bamba likishatolewa, pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na bamba) haifai kurudishiwa. Ifute yote juu ya prosesa na chini ya bamba kwa kitambaa kisicho na manyoya kilicholowa isopropili ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke, weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, kisha shusha bamba wima bila kulitelezesha. Usiipake prosesa nzima kama siagi. Pesti kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu. Ikiwa nene inazuia joto badala ya kulipitisha.

Kabla hujafunga, zungusha feni kwa kidole. Iendelee kuzunguka kidogo yenyewe na kusimama taratibu. Ikikwama ghafla au ikilia kama inasaga mchanga, ibadilishwe. Pima upande wake kwa rula (za milimita 80, 92 na 120 ndizo nyingi) na hesabu matundu ya plagi yake, matatu au manne.

Iwashe, fungua video, angalia namba za HWMonitor kwa saa nzima. Zikikaa chini ya 80 na mashine haizimi, kazi imekwisha, na hata zile RAM hazikuwa na kosa. Omba urudishiwe ya zamani, itakufaa.

Zikikaa chini na bado inazima, hapo ndipo tunaipima pawa saplai. Unahitaji multimita, iwekwe kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Mashine ikiwa inawaka na video inacheza, tafuta plagi nyeupe ya tundu nne isiyotumika. Ncha nyeusi ya multimita kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano: isome kati ya 11.40 na 12.60. Kwenye waya mwekundu: 4.75 hadi 5.25. Pima kazi ikiwa nzito, maana pawa saplai iliyochoka ikiwa imetulia inasoma vizuri kabisa, na ikibebeshwa mzigo njano inashuka chini ya 11.40 halafu mashine inakata. Angalia pia mazabodi karibu na prosesa: kapasita zile za mviringo zenye alama ya msalaba kichwani ziwe bapa. Iliyovimba au iliyotoa ugiligili wa kahawia imekwisha. Kasha la pawa saplai lenyewe usilifungue. Ndani mna kapasita kubwa yenye zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomolewa.

Jambo la mwisho kwako, mama, maana tumeliona kwenye nyumba nyingi: kile kitambaa cha kufuma kinachowekwa juu ya CPU kuipamba. Kiwekwe ikiwa imezimwa na imepoa. Ikiwa inawaka, kitolewe, na CPU isogezwe iache nafasi ya kiganja nyuma yake ipumue. Siku wadudu wametoka, funga dirisha la chumba hicho kabla ya kuwasha taa.

*Mafundi, mimi joto nimeshapima, halipiti 65. Bado inazima usiku kati ya saa moja na saa tatu, taa zikififia kidogo. Kinachonishangaza ni kwamba ninayo UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika. Pia nikigusa chuma cha CPU napigwa shoti kidogo.*
Kijana wa Kirumba, Mwanza

Kaka, una matatizo mawili, na la pili ndilo la kuharakishwa.

Hiyo shoti inatokea kwa sababu nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi, au ekstensheni yako ina waya mbili tu ndani japo tundu lake ni la pini tatu. Pawa saplai ya kompyuta ina vichujio vinavyovujisha umeme kidogo kwenye kasha. Ardhi ikiwepo unaenda zake, isipokuwepo unakusubiri wewe. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime ardhi kwenye soketi yenyewe, kisha aangalie nondo ya ardhi nje ya nyumba. Kwenye miamba ya Mwanza nondo isiyozama vizuri ni jambo la kutazamiwa, na suluhisho lake fundi analijua. Mpaka hapo usichomeke waya za monita na printa mashine ikiwa inawaka.

Kuhusu UPS: ndani yake mna betri ya risasi, mara nyingi ya volti 12 na Ah 7. Kwenye joto letu, baada ya miaka miwili au mitatu imechoka, lakini UPS itaendelea kuwasha taa ya kijani kwa sababu umeme wa ukutani unapita moja kwa moja. Siku umeme unapocheza, UPS inageukia betri, betri haina kitu, kompyuta inakata. Ijaribu bila kompyuta: chomeka balbu ya wati 60 ya kizamani au pasi ndogo ya nywele isiyozidi uwezo wa UPS, kisha chomoa UPS ukutani. Balbu ikizima ndani ya sekunde chache, nunua betri, siyo UPS nyingine. Betri iliyojaa na kupumzika isome kama volti 12.7 au zaidi. Ikisoma chini ya 12 baada ya kuchajiwa usiku kucha, imekufa. Unapobadilisha, chomoa UPS ukutani kwanza, waya mwekundu uende kwenye chanya, na usiguse ncha mbili kwa bisibisi moja.

Betri ikiwa nzima na bado inakata, pima volti za soketi (AC, kipimo cha 750) saa hiyohiyo ya usiku. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukikuta 180 au chini yake usiku baada ya usiku, UPS inachosha betri yake kila jioni kufidia upungufu, na hapo stabilaiza ya VA 1000 mbele ya UPS ina maana. Toa taarifa pia kwa watu wa umeme, ukiwa na namba ulizopima na saa ulizopima. Ukienda na namba unasikilizwa haraka kuliko ukisema "umeme mdogo". Printa ya leza isikae kwenye UPS hata kidogo: inapochemsha inavuta umeme mwingi kwa mpigo na kuiangusha.

*Shikamooni. Kila umeme ukikatika tarehe ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka zikidai muunganisho si salama. Nimebadilisha laini, nimenunua bando jipya, wapi.*
Mwanafunzi, Nansio, Ukerewe

Marahaba. Bando lako halina kosa. Tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini tuko mwaka uliopita, inaviona ni batili na kuvikataa.

Ni betri ya mazabodi, kidonge cha fedha kilichoandikwa CR2032, volti 3. Ikisoma chini ya 2.7 imekwisha. Lakini kabla hujaitoa ingia BIOS upige picha kila ukurasa kwa simu. Mashine ikikosa betri inasahau mipangilio, na baadhi ya Dell zinarudi kwenye RAID wakati Windows ilipigwa ikiwa AHCI (hizi ni namna mbili za mashine kuzungumza na diski). Utaishia na mashine isiyowaka ukidhani umeua diski. Chomoa umeme, sukuma kishikizo cha pembeni, kidonge kitaruka. Kipya kiwekwe maandishi na alama ya kujumlisha vikitazama juu. Kisha rudisha mipangilio kwa kufuata picha zako na uweke tarehe humohumo BIOS.

Ikiwa dakika ziko sawa na saa ndizo zimekosea kwa saa kamili, tatu kwa mfano, betri haihusiki. Weka eneo la saa liwe la Nairobi, UTC+03:00.

*Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, Windows 10. Inastaki dakika tano nzima ikiwashwa, na siku hizi nasikia mlio wa "tik, tik" ndani. Nipige Windows?*
Mzee wa Musoma

Usipige chochote, mzee, shikamoo. Mlio huo ni wa "hadi diski", yaani diski inayotunza mafaili, na kila dakika inayowaka inaweza kuwa ya mwisho kwa mafaili yako. Leo hii nakili picha, hesabu na nyaraka kwenye diski ya nje au flashi. Programu ziache, zitapatikana.

Baada ya kunakili, na siyo kabla, weka CrystalDiskInfo (programu ya kukagua afya ya diski) na usome mistari ya 05, C5 na C6, safu ya mwisho kulia. Sifuri zote ni heri. Chochote zaidi ya sifuri kwenye C5 au C6 ni sehemu za diski zisizosomeka. Watu wataharakisha kukuandikia `chkdsk /r`. Amri hiyo inaisoma diski nzima mwanzo hadi mwisho, na diski inayokufa inaweza kufia humo.

Badala yake weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 240 au 256. Kwa mashine ya namna yako hakuna badiliko jingine litakaloipa kasi kiasi hicho, halafu ongeza RAM ifike 8. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo unapoweka SSD uliza kama prosesa yako inapokea Windows 11. Ikikataa, Linux Mint inatosha kabisa kwa barua, intaneti na hesabu.

Na ukikuta 05, C5 na C6 ni sifuri lakini C7 inapanda kila ukiangalia, huenda kosa hilo ni la kebo, siyo la diski. Badilisha kebo ya SATA, hakikisha imekaa mpaka mwisho pande zote mbili, kisha angalia tena baada ya wiki: namba ya C7 hairudi nyuma, ila isiongezeke.